Kahawa Ndani ya Kiondo

Githongo, Meru
10 Februari 1985

Kwa mpendwa dada yangu Marcella,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua cha baridi ya Nakuru kimeacha kukusumbua. Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Mke wangu Celina amepona goti, sasa anaenda kanisani na kurudi bila fimbo, na njiani anasengenya watu kama zamani. Mvua ya Novemba ilitupatia maharagwe kidogo, lakini mahindi ya manjano ya msaada bado tunayala, na watoto wa jirani bado wanalalamika kwamba yananuka dawa. Mume wako Thuranira ni mzima. Juzi nimemwona akipita na lori, amenenepa. Usiseme ni mimi niliyekwambia.

Najua utashangaa kupata barua ndefu kutoka kwangu wakati si Krismasi na hakuna aliyefariki. Nina sababu. Wiki hii au ijayo utapokea barua nyingine kutoka kwa rafiki yangu Misheck Gitari wa Kibugu, Embu. Amemwomba mumeo anwani yako, na atakuuliza juu ya kichwa changu. Nakuomba, dada, kabla hujamjibu hata neno moja, usome hii yangu mpaka mwisho. Na kabla hujaanza kulia ukidhani yaliyompata baba uzeeni yamenipata na mimi, ujue kwamba akili zangu ziko sawasawa. Mashaka yangu ni mengine kabisa.

Gitari unamkumbuka. Ndiye yule aliyekuja kwenye harusi yako, akaacha chakula kikapoa ili amchunguze mdudu aliyetua kwenye shela lako. Tulikuwa pamoja chuo cha ualimu, na huko ndiko wazimu wetu ulikoanzia. Mzungu aliyetufundisha sayansi alitusimulia siku moja habari za wachunguzi wa viumbe wa kwao, enzi za Malkia Victoria. Walikuwa makasisi, madaktari, wenye mashamba, watu wazima wenye ndevu, wakiandikiana miaka na miaka juu ya maua na mende na konokono, wakitumiana majani makavu kwa posta. Wengine waliandikiana mpaka kufa bila kuonana uso kwa uso. Alisema pia walikuwako wawili waliogundua jambo moja, kila mtu peke yake, na wakaamua kutogombana. Wenzetu darasani walisinzia. Mimi na Gitari tulitoka pale tumeapa kwamba tutafanya vivyo hivyo, yeye upande wa Embu, mimi upande wa Meru, mlima ukiwa mmoja.

Na tumefanya hivyo tangu kabla ya Uhuru. Barua zetu lazima zianze na Bwana Mpendwa na ziishe na mtumishi wako mtiifu, hata kama jana yake tulikuwa tumeketi pamoja tukila nyama. Na kuna sheria moja kubwa kuliko zote. Anayeuona mmea kwanza ndiye mwenyewe, na mwenzake ndiye atakayemtangaza. Hiyo sheria ndiyo iliyoniponza.

Majani makavu tulikuwa tunatumiana kwa posta. Lakini ua likikauka linapoteza rangi na harufu, kwa hiyo vitu vibichi nilimpa mumeo Thuranira, maana lori lake linapita Nkubu kwenda Embu kila wiki. Aliviacha kwenye duka moja pale mjini, Gitari akaja kuchukua. Nilivifunga vile watu wetu wanavyofunga miraa, kwa majani ya mgomba yenye unyevu na kamba ya mgomba juu, kwa sababu hakuna kitu kinachotunza tawi bichi kama hicho. Kisha ndani ya kiondo. Na kiondo, unajua desturi yetu, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Gitari alikuwa anakirudisha na majani ya chai kidogo, au matunda, pamoja na barua yake.

Basi. Mwezi wa Agosti mwaka jana, wakati kila kitu kimekauka na watu wanapanga foleni ya unga, nilikwenda kwenye lile korongo lililo juu yetu karibu na msitu. Nikaona kichaka kimoja, kimo cha kifua changu, kibichi kana kwamba hakijasikia habari za ukame. Matawi yake machanga yalikuwa mekundu kama miraa nzuri. Lakini ua! Marcella, ua halikutokea kwenye tawi, wala pale jani linapoungana na kijiti. Lilitokea mgongoni mwa jani lenyewe, katikati, dogo, jeupe, limekaa pale kama kipepeo aliyepumzika. Miaka yote hii sijawahi kuona kitu cha namna hiyo. Nilikaa chini kwenye mavumbi na suruali yangu ya kanisani, nikacheka peke yangu.

Nilikata matawi machache, nikayafunga vizuri, nikamwandikia Gitari barua ndefu nikieleza kila kitu, urefu, meno ya jani, harufu, udongo. Nikakaa kungoja, nikijua atachanganyikiwa kwa furaha. Kiondo kikarudi. Ndani mlikuwa na chai na nduma nzuri za Kibugu. Na barua? Alinishukuru kwa mzigo. Aliuliza kama tunapata chakula. Juu ya kichaka changu alisema tu kwamba ni jani zuri.

Jani zuri! Mtu ambaye aliwahi kunijazia kurasa nzima juu ya kuvu iliyoota kwenye mlango wa choo chake!

Nikamtumia tena, na safari hii nikauliza maswali. Ua lina petali ngapi kwa hesabu yake? Hakujibu. Alisema chai ilimshughulisha, akauliza kama ninalala vizuri. Mzigo wa tatu, ni hivyo hivyo. Maneno laini laini, hakuna petali wala jani, halafu eti Celina yuko karibu nami mchana kutwa? Na jinsi barua zilivyozidi kuwa fupi, ndivyo kiondo kilivyozidi kuwa kizito. Nduma, ndizi, viazi, mara kuku mzima amefungwa miguu. Celina alifurahi, alisema Mungu amtunze Gitari kwa kutukumbuka wakati wa njaa. Mimi nilimtazama yule kuku nikajiambia, hapana. Mtu asiye na hatia hatumi kuku.

Hapo moyo wangu haukutulia tena. Kisha nikaenda kwenye mazishi Nkubu, nikakutana na mwalimu mmoja wa Embu anayeitwa Runji. Akanipongeza eti kwa urafiki wangu na msomi mkubwa, maana Gitari siku hizi anaandikiana na wataalamu wa mimea Nairobi juu ya kichaka kipya ambacho hakijajulikana, na ana haraka nacho kweli kweli, kila wiki anakwenda posta kuuliza. Nilishika kofia yangu mkononi nikaiminya mpaka ikapoteza umbo. Kumbe ndiyo sababu hataki kukizungumzia! Anakiandikisha kwa jina lake, na mimi ananiziba mdomo kwa nduma!

Celina aliniambia nimwandikie nimwulize waziwazi. Nikakataa. Nilimwambia mwizi haulizwi, anashikwa.

Basi nikaweka mtego. Nilikwenda nyuma ya jiko letu nikakata matawi ya kahawa. Ndiyo, kahawa hii hii tunayochuma tangu utotoni. Nikayafunga kwa majani ya mgomba, nikamwandikia kwamba hatimaye nimempatia mmea ule katika uzuri wake wote, autazame sana, aniambie kama amewahi kuuona maishani mwake. Niliwaza hivi. Akiwa mwaminifu, atafungua, atacheka, ataniuliza kama nimelewa. Lakini kama ameshapata alichotaka na ananibembeleza tu, hatajisumbua hata kufungua, atausifu bila kuuona. Nilijiona mjanja sana.

Thuranira alirudisha kiondo amekibeba begani. Sikuangalia kilichomo. Nilipasua barua. Gitari aliandika kwamba kweli ni ajabu, kwamba hajawahi kuona kitu kama hicho maishani mwake, na anamshukuru Mungu aliyemweka hai akakiona. Akaongeza kwamba Jumamosi atakuja Githongo kunitembelea pamoja na mkewe Wanjugu.

Mtu ambaye baba yake alikuwa na shamba la kahawa! Nilimwonyesha Celina barua, nikamwambia Jumamosi nitamvua nguo mbele ya mke wake. Celina akasema hilo halimpendezi. Sikumsikiliza.

Walikuja na lori la Thuranira. Gitari alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia. Alianza kuongea polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea na kiziwi. Aliniuliza leo ni siku gani. Aliniuliza mwalimu mkuu wa shule yetu ya kwanza alikuwa anaitwa nani. Nilimjibu yote sawasawa, huku nikimkazia macho, nikijua ananipima aone nimefahamu kiasi gani. Jikoni nikasikia Celina na Wanjugu wananong'ona. Wanjugu akatoka huko macho mekundu, nikajisemea, ahaa, na wewe pia unajua, na aibu imekushika.

Tulipomaliza chai nikasimama. Nikamwambia Gitari nina swali moja tu, nalo ni kwamba aniambie mbele ya hawa wote amewaandikia nini watu wa Nairobi juu ya kichaka changu.

Gitari aliinamisha kichwa. Aliyejibu ni Wanjugu, na alijibu kwa hasira ya mtu aliyenyamazishwa muda mrefu. Alisema ndiyo, mume wake ameandika Nairobi. Ameandika kwamba mmea huo umeonwa na Salesio Kiambi, mwalimu wa Githongo. Amenakili maelezo yangu neno kwa neno. Na amewasihi wafanye haraka, kwa sababu mwenye mmea anaumwa kichwa kile cha kusahau alichoumwa baba yake, na yeye angependa rafiki yake aone jina lake limeandikwa wakati bado anaweza kulitambua kuwa ni lake.

Nilikaa, dada.

Wanjugu hakuishia hapo. Alisema Gitari hajawahi kuuona huo mmea hata siku moja. Kila alipofungua mzigo wangu alikuta nyasi. Nyasi za kando ya barabara, zimefungwa kwa majani ya mgomba kwa uangalifu kabisa, na pembeni barua inayosifu ua jeupe. Mara ya kwanza alidhani ni mzaha. Mara ya pili alikaa mezani akalia. Wanjugu alimwambia aniandikie ukweli, akakataa, akasema mtu hahesabu alichotumiwa na rafiki, na zaidi ya hayo, hataki kuwa yeye atakayeniambia kwamba nimeanza kupotea. Alisema Kiambi anaweza kusahau kuweka tawi kwenye mzigo, lakini mkono wake haujawahi kuandika uongo juu ya jani. Kama ameandika kwamba ua liko mgongoni mwa jani, basi mahali fulani liko. Hiyo ndiyo maana ya kuku na nduma. Alidhani njaa inaniongezea ugonjwa.

Halafu nikasikia mtu anakohoa. Alikuwa Thuranira. Mume wako, Marcella, alikuwa anaangalia viatu vyake. Akasema polepole kwamba yeye alidhani ni miraa. Tawi jekundu, majani ya mgomba, kamba ya mgomba, linatoka Meru linakwenda Embu, angedhani ni nini? Na kwetu dereva akibeba miraa anaonja, hakuna anayeuliza. Safari ya kwanza alionja kidogo. Baadaye akazoea kumaliza, akajaza nyasi ili mzigo usionekane umekonda. Akasema, na nadhani alitaka kunifariji, kwamba haikuwa tamu hata kidogo, ila ilimwondolea njaa ya njiani.

Hebu fikiria! Celina ndiye aliyeanza kucheka. Kisha sote. Gitari alicheka mpaka akashika meza, akanikumbatia shingoni, akawa anarudia kwamba basi mimi ni mzima, ni mzima, nilimtumia matawi kweli. Sijawahi kuona mtu akifurahi namna ile. Halafu akatoa penseli mfukoni na kumwambia Thuranira amweleze utamu wa ule mmea, ulianzaje mdomoni na uliishaje, maana kwa sasa yeye ndiye shahidi pekee. Alikuwa Gitari wangu wa chuoni kabisa.

Lakini Wanjugu hakuwa amecheka mpaka mwisho. Alikuwa anafikiri. Aligeuka, akaniuliza kwa upole, na kahawa je?

Wote wakanitazama. Penseli ya Gitari ilisimama hewani. Celina alikuwa mlangoni ameshika buli. Thuranira kahawa hakuionja, anaijua, kwa hiyo ilifika Kibugu kama nilivyoifunga, na barua yangu juu yake. Jibu la kweli lilikuwa fupi. Nilikutega, Gitari. Nilidhani wewe ni mwizi. Nililitafuta mdomoni na lilikuwepo. Nikamwangalia yule mtu aliyelia mezani kwa ajili yangu, aliyesifu matawi ya kahawa ili asiniaibishe, na nikashindwa.

Nikamwuliza, kahawa gani?

Unajua nilikolitoa swali hilo. Tulipomwambia baba kwamba ng'ombe wake waliuzwa zamani, alikuwa anatutazama na kuuliza, ng'ombe gani? Nilitumia uso wake ule ule. Mungu anisamehe, niliuvaa uso wa baba yetu mgonjwa kama koti, mbele ya watu, ili nifiche ubaya wangu. Furaha yote ilitoka kwenye macho ya Gitari. Aliirudisha penseli mfukoni taratibu, akasema si kitu, tuyaache hayo. Na jioni yote wakarudia kuongea nami polepole na kwa sauti kubwa.

Haya ndiyo niliyotaka ujue kwa mdomo wangu mwenyewe. Nina aibu, Marcella. Sijawahi kuwa na aibu kama hii. Wanjugu ameniachia dawa ya majani ya kutuliza kichwa, chungu vibaya sana, nainywa kila asubuhi kwa sababu naona ninaistahili. Celina anajua, alikuwa ananitazama usoni, na tangu siku ile ananipa chakula bila maneno. Anataka niende Kibugu niseme. Mimi najua nikisema Gitari atanisamehe, na shida ni hiyo hiyo. Mimi ninajijua. Kila barua yake itakayokuja baadaye nitaigeuza huku na huku, nikitafuta kama amenisamehe kweli.

Nimewaandikia watu wa Nairobi waandike majina mawili, na la Gitari litangulie. Kichaka nimekizungushia miiba. Kimetoa machipukizi tangu Novemba lakini ua bado, na Gitari amesema atakuja Aprili alione kwa macho yake.

Lakini kuna jambo lingine linalonikosesha raha. Asubuhi ya wao kuondoka nilimletea Gitari kiondo chetu kile kile aende nacho, na kwa kuchanganyikiwa kwangu sikuwa nimetia kitu. Gitari alikwenda nyuma ya jiko, akavunja tawi moja la kahawa, akalitia mwenyewe. Kisha akanitazama, akasema kweli ni ajabu, hajawahi kuona kitu kama hicho maishani mwake. Jua lilikuwa linampiga usoni, kwa hiyo siwezi kuapa kama alikuwa anatabasamu.

Na jana kiondo kimerudi. Hakikuwa na nduma, hakikuwa na chai, hata barua hakuna. Ndani mlikuwa na lile tawi la kahawa, limekaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kazi safi kama za zamani, na chini yake kwa mwandiko wake: Kahawa. Githongo, nyuma ya jiko. Aliyeiona kwanza: S. Kiambi.

Nimeliweka juu ya meza na tangu jana nalizunguka. Je, huyu anamfurahisha mgonjwa, au ananiambia ameniona? Barua yake ikikufikia, isome vizuri, wewe huna macho mabaya kama yangu. Ukiona anamlilia mgonjwa, usimdanganye kwa ajili yangu. Mwambie kwamba kaka yako ni mzima, na kwamba yuko njiani anakuja Kibugu, na kiondo hakina kitu. Ukiona anajua, niambie pia, ili nisiende nikijifanya ninamletea habari.

Msalimie mwalimu mwenzako Ednah na wote wa huko wanaonifahamu. Celina anakusalimu, na anasema ukija Pasaka umletee vitambaa vya meza. Thuranira usimgombeze sana, ameahidi hatatafuna tena kitu asichokijua, ingawa tumekubaliana aandike kwanza ladha ya kichaka changu. Mungu akulinde, akuponye kifua, atukutanishe salama.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Salesio Kiambi